Bafe au ukumbi rasmi: mwongozo wa chakula cha jioni melini kwa wazazi wa Mbeya na Iringa

Katika safari yetu ya kwanza ya meli ya kitalii, mimi na mume wangu tulikula bafe usiku sita mfululizo. Usiku wa saba, ambao ndio ulikuwa wa mwisho, tukajikaza tukashuka kwenye ukumbi rasmi wa chakula. Kijana mmoja Mfilipino akasoma kadi zetu, akatupeleka hadi kwenye meza ya watu sita karibu na dirisha, akavuta viti viwili vilivyokuwa wazi. Akatuambia kwamba tangu tuondoke Barcelona alikuwa akituandalia kila jioni: uma, visu, glasi, vitambaa vya mezani. Kila jioni aliviweka, na kila usiku aliviondoa bila kuguswa. Wazee wa Uskoti tuliokuwa tumepangiwa nao meza walidhani mmoja wetu anaumwa.

Mume wangu ni Mhehe wa Kalenga. Kuandaliwa chakula ukaacha kwenda, tena bila kutuma hata salamu, ni jambo lililomchoma, na mpaka leo akilikumbuka hunyamaza kwanza ndipo aongee. Hatukujua kwamba tuna meza. Karatasi ya safari ilisema, sisi hatukuielewa.

Binti yetu anafanya kazi Ujerumani na ndiye aliyetulipia. Siku hizi si sisi peke yetu. Watoto waliokwenda ughaibuni wanawalipia wazazi safari za namna hii kama shukrani, na kila mwaka napata wageni wawili watatu nyumbani, wengine wametoka Mbeya, wengine Makambako, wanauliza: mama, huko melini mtu anakula wapi? Nimefundisha sayansikimu kwa miaka mingi, Mbeya kwanza kisha Iringa, na kupanga meza ni kazi niliyowafundisha watoto wa watu. Kilichotukimbiza ule ukumbi si uma wala kisu. Ni kudhani kwamba mahali pale ni pa watu wengine, na sisi pa kwetu ni kule juu pa kujipakulia. Basi nimeandika haya ili mzazi mwenzangu asirudie kosa letu.

Hatua ya kwanza: jua ulicholipiwa

Meli kubwa za kitalii huwa na sehemu mbili kuu za chakula cha jioni, na zote mbili zimo ndani ya nauli.

Ya kwanza ni bafe. Kwa kawaida iko sitaha za juu, karibu na bwawa la kuogelea. Unaingia wakati wowote ikiwa wazi, unachukua sahani, unajipakulia, unatafuta meza, unakula, unaondoka. Nguo ni za kawaida. Ukiwahi kupanga foleni ya chakula kwenye sendofu ya Mwanjelwa, bafe unaijua tayari, isipokuwa hakuna kamati ya chakula inayosimama nyuma ya sufuria kukupimia nyama.

Ya pili ni ukumbi mkubwa wa chakula. Mara nyingi uko sitaha za chini, ya tatu hadi ya tano. Unaketi, unapewa menyu inayobadilika kila siku, unachagua kianzio, kisha chakula kikuu, kisha kitindamlo, na mhudumu anakuletea kimoja baada ya kingine. Mlo mzima unaweza kuchukua saa moja na nusu au zaidi.

Kuna pia migahawa maalumu ya nyama choma, ya Kijapani, ya Kiitaliano, ambayo unalipia juu ya nauli. Hiyo iache mpaka utakapokuwa mwenyeji.

Sasa lishike hili: kwenye meli nyingi ukumbi rasmi si wa daraja la juu, na bafe si ya daraja la chini. Aliyelala chumba kisicho na dirisha na aliyelala chumba chenye baraza wote wana haki ya kuketi ukumbini. Zipo zinazotenganisha. Kwenye Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, abiria wengi hula Britannia, na waliolipia vyumba vya juu zaidi hula Princess Grill au Queens Grill. Hata huko kila mtu ana ukumbi wake wenye kitambaa cheupe mezani, hakuna anayefukuziwa bafe.

Jambo la fedha nalo ulijue. Kampuni kubwa za Kimarekani hukata bakshishi ya wafanyakazi kila siku, takriban dola 16 hadi 20 kwa kila abiria, isipokuwa kama tikiti inasema imeshajumuishwa. Kwa wazazi wawili na usiku saba hiyo ni dola 224 hadi 280. Sehemu yake inakwenda kwa wahudumu wa ukumbini, ukiwa umekwenda au hukwenda. Sisi tulimlipa yule kijana kwa siku sita alizotungoja bure.

Hatua ya pili: chagua saa ukiwa bado nyumbani

Mwombe mwanao akutumie karatasi ya safari, mtafute pamoja kwa simu mstari wenye neno "Dining". Hapo utakuta mojawapo ya mipango miwili. Ama una saa maalumu na meza yako ile ile kila usiku, ama una ruhusa ya kwenda saa yoyote ukumbi ukiwa wazi. Huu wa pili ulisambaa baada ya kampuni ya Norwegian Cruise Line kuuanzisha mwaka 2000, na sasa kampuni nyingi zinatoa yote miwili.

Saa maalumu huwa mbili: ya mapema, kati ya saa 11:30 na saa 12:30 jioni, na ya baadaye, saa 2:00 au 2:30 usiku. Karatasi itaandika 18:00 au 20:30, kwa hiyo usichanganye na saa zetu.

Wengi tungechagua saa mbili usiku kwa kuwa ndiyo saa ya chakula nyumbani. Fikiri kwanza mwili wako umetoka wapi. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Barcelona iko nyuma yetu kwa saa moja tu, basi saa 2:30 ya kule ni saa 3:30 ya Iringa. Hiyo inavumilika. Lakini kama meli inaondokea Miami, majira hayo wako nyuma yetu kwa saa saba. Wakikukaribisha mezani saa 12 jioni, Mbeya ni saa 7 usiku, na mwili wako unajua hivyo hata kama macho yanaona jua. Kwa safari ya Marekani chagua ya mapema bila kusita. Kwa Bahari ya Mediterania, ambako mnarudi kutoka matembezi bandarini alasiri mmechoka na mna jasho, ya baadaye inakupa nafasi ya kuoga na kulala kidogo.

Ruhusa ya saa yoyote inawafaa vijana. Kwa mzazi ambaye Kiingereza chake ni cha shule ya zamani, mimi napendekeza saa maalumu na meza maalumu. Mhudumu ni yule yule kila siku. Usiku wa pili ameshakujua jina, usiku wa tatu anajua unapenda chai ya moto kabisa na hutaki barafu kwenye maji. Kwenye mpango wa saa yoyote unaweza kuanza upya kila jioni na mtu mpya.

Hatua ya tatu: mweleze mwanao miiko yako kabla ya safari

Kama una kisukari, shinikizo la damu, mzio wa karanga au wa kamba na kaa wa baharini, kama huli nguruwe, kama unataka nyama iliyochinjwa kihalali, taarifa hizi huingizwa kwa kampuni wiki kadhaa kabla ya safari. Usingoje ufike. Meli hubeba chakula cha safari nzima, haiwezi kusimama sokoni Mlandege kutafuta kuku wako.

Ukifika, rudia kumwambia mhudumu usiku ule wa kwanza. Hapa ukumbi unaishinda bafe kwa mbali. Mtu mwenye mwiko wa chakula ataletewa menyu ya kesho leo hii, achague, na jikoni wamwandalie chake peke yake. Dada yangu mkubwa wa Tukuyu ana kisukari, na kwenye safari ya pili, tuliyokwenda pamoja, kila usiku msimamizi wa wahudumu alikuja mwenyewe kukaa naye dakika mbili na menyu ya kesho.

Kwenye bafe unajilinda mwenyewe kwa kusoma vibao. Jifunze sura ya maneno haya kabla ya kuondoka, kwa sababu yote ni nguruwe au mara nyingi ni nguruwe: pork, bacon, ham, prosciutto, salami, chorizo, pepperoni. Ndugu zangu Waislamu na Wasabato, yaandikeni kwenye karatasi ndogo muiweke mfukoni. Kibao kisipoeleweka, muulize mpishi aliyesimama nyuma ya meza. Na kijiko cha sufuria moja mara nyingi huingizwa na abiria kwenye sufuria nyingine, kwa hiyo mwenye mzio mkali asiitegemee bafe hata kidogo.

Hatua ya nne: fanya mazoezi nyumbani

Wiki mbili kabla, panga meza nyumbani mara tatu au nne. Sahani katikati. Uma kushoto, kisu kulia, makali yake yakitazama sahani, kijiko cha supu kulia kwa kisu. Kisahani cha mkate juu kushoto, glasi juu kulia. Kama kuna uma mbili, anza na ya nje kabisa, ndani ifuate. Mkate wako ni wa kushoto na kinywaji chako ni cha kulia. Hilo ndilo kosa la watu wengi kwenye meza ya duara, wazungu kwa weusi, kula mkate wa jirani.

Mazoezi ya kuagiza kwa menyu nayo yana mahali pake. Hapa Iringa tuna mgahawa wa Neema Crafts, ambako wahudumu ni viziwi na unaagiza kwa kuonyesha na kuandika. Nawapeleka wageni wangu pale makusudi. Mtu akishaagiza chakula kizima bila kutamka neno moja, akaletewa alichotaka, akahudumiwa kwa upole, ile hofu ya kwamba Kiingereza hakitoshi humtoka. Melini pia kidole juu ya menyu kinatosha.

Nguo. Kwa usiku wa kawaida ukumbini: suruali ndefu na shati lenye kola kwa baba, gauni au sketi na blauzi kwa mama. Kaptura, fulana za mikono kata na kandambili kwenye meli nyingi haviingii jioni. Kwa safari ya siku saba tegemea usiku mmoja au miwili ya mavazi rasmi. Mume wangu alivaa suti yake nyeusi ya kanisani, ikatosha. Mimi nilishonewa kitenge na fundi wangu wa Mafinga, na nakuhakikishia sikuwa nyuma ya mtu yeyote. Cunard, ambao ndio wakali wa mavazi, wenyewe wanakubali vazi rasmi la taifa. Usiazime gauni la kizungu usilolizoea. Viatu viwe na kisigino kipana, maana sakafu inacheza.

Kiyoyozi cha ukumbini kinawatesa watu wa pwani. Sisi tuliozaliwa kwenye baridi ya Juni hatujali sana, lakini beba mtandio.

Hatua ya tano: usiku wa kwanza, nenda ukumbini

Hapa ndipo tulipokosea, na hapa ndipo ninapoomba uniamini kuliko mahali pengine pote.

Mgeni hujiambia: leo nimechoka, nile bafe, kesho nikishazoea nitashuka. Kesho ndiyo mara nyingi huwa usiku wa mavazi rasmi. Unachungulia mlangoni, unaona tai na mapambo, unarudi juu. Kesho kutwa unaona aibu kwamba hujaonekana siku mbili. Imekwisha hiyo.

Usiku wa kwanza ndio mwepesi kuliko yote. Masanduku makubwa huchukuliwa bandarini na kuletwa mlangoni kwa chumba chako baadaye, mengine mpaka jioni, kwa hiyo hakuna anayetegemewa kuvaa rasmi. Watu huingia na nguo walizosafiria. Kila mtu ni mgeni, kila mtu anatafuta meza yake, hata waliokwisha kusafiri mara kumi wanapotea kwenye ngazi. Mhudumu naye anajifunza majina. Ukiuliza swali la kitoto usiku huo hakuna anayeliona. Hata hivyo weka shati safi au gauni moja kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na dawa zako, usivitie kwenye sanduku kubwa.

Mchana wa siku hiyo, meli ikiwa bado imefungwa gatini, kula bafe. Wakati huo ndio inafaa. Kisha tembea mpaka mlango wa ukumbi uujue ulipo. Menyu ya jioni huwa imewekwa mlangoni au kwenye programu ya meli ya simu. Ipige picha, ukakae nayo chumbani, mtumie mjukuu picha hiyo kama intaneti ipo, au tafuta maneno mwenyewe. Ukiingia saa ya chakula unajua tayari unachotaka.

Kama umepangiwa meza na watu usiowajua na hutaki, au umepangiwa meza ya wawili nawe unataka kuzungumza na watu, mwone msimamizi wa ukumbi mchana huo huo. Kubadilisha siku ya kwanza ni rahisi.

Ukiwa mezani

Kaa, chukua kitambaa, kiweke mapajani. Huko kwetu kusalimiana ni kwa mkono, tena mkono unashikwa muda mrefu, na Mnyakyusa hawezi kuketi na watu kabla ya kuwasalimu. Melini, mezani, acha mikono. Inama kidogo, weka kiganja kifuani, tabasamu, sema jina lako. Sababu yake nitaieleza kwenye bafe.

Mhudumu atauliza habari ya vinywaji kwanza. Maji ya kawaida kwenye meli za Kimarekani ni bure, lakini ya chupa yanalipiwa, na baadhi ya meli za Ulaya jioni hutoa ya chupa tu. Uliza kabla chupa haijafunguliwa. Soda, bia na mvinyo vinaandikwa kwenye kadi ya chumba chako na mara nyingi huongezwa asilimia 18 au zaidi ya huduma. Kukataa kinywaji si aibu, hakuna anayekuhesabu kuwa maskini.

Chakula kitakuja kidogo kidogo kwenye sahani kubwa. Usikate tamaa. Kwenye meli nyingi unaweza kuagiza vianzio viwili, au kuomba chakula kikuu cha pili, bila malipo. Vyakula vya gharama kubwa vyenye bei mbele yake kwenye menyu ndivyo vinavyolipiwa. Mume wangu, ambaye aliogopa njaa, usiku ule wa saba alikula supu, samaki, kisha nusu kuku, na mhudumu alifurahi kuliko sisi.

Nyama ya ng'ombe utaulizwa iive kiasi gani. Ukitaka iive kama tulivyozoea sema "well done", la sivyo itakuja na damu katikati. Ukichagua usichokipenda, mwambie mhudumu mapema, usile kwa mateso wala usikifiche chini ya kitambaa. Atakiondoa alete kingine, na hana kinyongo.

Ukimaliza, laza uma na kisu sambamba juu ya sahani. Ukiviacha vimetengana vikielekea pande mbili, atajua bado unakula na hataondoa. Kwa ishara hii moja utaongea na wahudumu wa nchi zote.

Kuhusu kula kwa mkono: ukumbini tumia vyombo, isipokuwa mkate. Bafe hakuna anayekutazama, na kuku wa mfupa analika vizuri zaidi kwa mkono uliooshwa.

Sala ya chakula ifanye. Tuliinamisha vichwa, baba akasema maneno mafupi ya Kihehe, na wale Waskoti wakaweka uma zao chini mpaka tukamaliza.

Siku za bafe

Sitaki ufikiri kwamba naidharau bafe. Kwa usiku saba mimi sasa natumia ukumbi usiku tano na bafe usiku mbili, na siku hizo mbili nazichagua.

Ya kwanza ni siku ya matembezi marefu, mmerudi melini miguu imevimba na kuketi saa moja na nusu hamwezi. Ya pili ni siku ninayokumbuka nyumbani. Ugali hakuna. Lakini kwenye meza ya Kiitaliano tafuta polenta. Ni unga wa mahindi uliopikwa, laini kuliko ugali wetu na chumvi yake imo, na dada yangu alipouonja alifumba macho. Wali upo kila siku, na mchuzi wa Kihindi wenye dengu huwa haukosekani kwenye meli nyingi. Viazi vipo vya kila namna, ingawa aliyekula viazi vya Umalila atanyamaza tu. Ukumbini huwezi kuomba wali, polenta na dengu kwenye sahani moja. Bafe unaweza.

Kwanza nawa. Nawa kwa maji na sabuni, sekunde 20, hata kama mlangoni pamesimama kijana na dawa ya kupulizia mikononi. Meli ni nyumba iliyofungwa yenye maelfu ya watu, na ugonjwa mmoja unaosumbua sana huko ni wa kuhara na kutapika unaoletwa na virusi vya noro. Virusi hivi vinahama kwa mikono, kwa vijiko vya kupakulia, kwa vishikio vya milango, na dawa za mikono zenye spiriti haziviwezi vizuri. Sabuni na maji ya kutiririka ndiyo kinga. Ndiyo maana nimesema msishikane mikono mezani, na ndiyo maana wazee wenye afya dhaifu wanakuwa salama zaidi ukumbini, ambako kijiko kinashikwa na mtu mmoja. Meli zinazofika bandari za Marekani hukaguliwa usafi na CDC, wakala wao wa kudhibiti magonjwa, na kupewa alama kati ya 100. Ikipata 85 au chini imefeli, na ripoti ziko wazi. Mwambie mwanao aitafute ya meli yenu.

Pili, tembea mikono mitupu. Zunguka bafe nzima kabla ya kushika sahani. Kosa letu la harusini ni kupakua kila kitu kwenye sahani moja mpaka inakuwa Mlima Rungwe, kwa sababu harusini ukirudi mara ya pili chakula kimeisha. Huku hakiishi. Chukua kidogo, kula, rudi. Kila ukirudi chukua sahani mpya, ya zamani iache mezani. Chakula ulichokwisha kukichukua hakirudishwi kwenye sinia. Tumia koleo au kijiko kilichopo, usiguse mkate kwa kidole kujua kama ni laini.

Tatu, shika meza kabla ya chakula. Mmoja akae, mwingine akapakue, kisha mpokezane. Ukumbi wa bafe ni mrefu na meza zote zinafanana. Chagua ya dirishani na uhesabu nguzo. Supu ichukue mwisho na usijaze bakuli, kwa sababu huku juu meli inayumba zaidi kuliko chini. Siku ya mawimbi, mwenye kichefuchefu ashuke ukumbini chini ya meli, mwendo wake ni mdogo. Mwenye fimbo asibebe sahani. Amwonyeshe mfanyakazi yeyote, atabebewa mpaka mezani.

Nne, usiende mara tu meli inapong'oa nanga. Kila mtu amerudi na njaa saa hiyo. Subiri saa nzima. Angalia pia saa ya kufunga, mara nyingi ni saa 3 au 3:30 usiku.

Kubeba kitumbua au tunda ukalie chumbani kwa kawaida hakuna tatizo. Kubeba ukashuke nalo bandarini ni kosa. Nchi nyingi hukataza matunda na nyama kutoka melini, na mbwa wa forodha watakunusa.

Kama mmesafiri na wakwe

Hili vitabu vya kizungu hawaliandiki. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawali pamoja, na wako wazee wa Rungwe na Kyela wanaoishika heshima hiyo hadi leo. Meza ya ukumbini ni ya duara, uso kwa uso, usiku saba. Safari yetu ya pili mtoto wa dada alikuja na mkewe na watoto, na shemeji yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, siku ya kwanza hakuweza kumeza. Tukamwendea msimamizi wa ukumbi, tukaomba meza mbili za jirani: wazee moja, vijana na watoto nyingine. Hakuuliza sababu. Watoto nao wana menyu yao na huletewa haraka, kwa hiyo wazazi wao waliweza kuondoka mapema nasi tukabaki na chai yetu. Usiku wa bafe kila mmoja alikaa alipotaka. Sema mapema, usimwache mzee akae na njaa kwa heshima.

Usiku wa mwisho

Masanduku huwekwa nje ya mlango wa chumba usiku huo ili yatangulie kushushwa. Kwa hiyo nguo za chakula cha mwisho ndizo za kawaida, na hakikisha umebakiza za asubuhi, na viatu. Niliona mtu akishuka meli na kandambili za bafuni kwa sababu viatu vyake vilikwisha kwenda.

Kula ukumbini. Bakshishi imeshakatwa, lakini aliyekuhudumia vizuri unaweza kumwongezea kidogo ndani ya bahasha, mkononi kwake. Na kama una kitu cha kwenu kilichofungwa vizuri, kibebe tangu nyumbani kwa ajili ya usiku huu. Dada yangu alikuja na pakiti mbili za majani ya chai ya Rungwe. Alimpa mhudumu wetu moja na msaidizi wake nyingine, kwa mikono miwili, akasema "ndaga". Yule kijana akauliza maana yake. Dada akamwambia ni asante kwa lugha ya kwetu, na kijana akairudia mara tatu mpaka akaipata.